Monty Python's Flying Circus ilitoka wapi, na kikundi cha vichekesho kichukue nini humo?

Katemba_Mbale ameuliza:

Habari zenu wakubwa. Tuko kikundi cha watu saba hapa Mbale, Uganda. Tunaandaa vipindi sita vya vichekesho vifupi kwa Kiswahili, dakika 24 kila kimoja, vya mtandaoni kwanza, halafu tutatafuta kituo cha televisheni. Mwalimu wetu wa uigizaji amesema tusiandike chochote kabla ya kutazama Monty Python's Flying Circus. Tumetazama vipindi vinne. Tunacheka, lakini ujenzi wake hatuuoni: kipande kinakatika katikati, ofisa wa jeshi anaingia anasema basi, mguu mkubwa unashuka kutoka juu, mara tuko kwingine kabisa.

Tunaomba kujua ilianzaje, nani aliwafungulia mlango, na kwa nini watu wanasema iliathiri kila kitu kilichofuata. Na zaidi ya hayo: kitu gani humo kinafaa kuchukuliwa na watu wenye kamera moja na simu mbili? Zile katuni za karatasi je, zinawezekana bila kompyuta kubwa?

---

MzeeWaKanda amejibu:

Ndugu yangu, karibu. Naanza na tarehe, maana bila tarehe watu hudhani hawa jamaa walidondoka kutoka mbinguni.

Kipindi cha kwanza kilirushwa na BBC usiku wa Jumapili, 5 Oktoba 1969. Vyote ni 45: misimu mitatu ya vipindi 13 kila mmoja, na msimu wa nne wa vipindi sita tu mwaka 1974, ambao John Cleese hakucheza. Watu ni sita. Cleese, Graham Chapman na Eric Idle walipitia Footlights, chama cha maigizo cha wanafunzi wa Cambridge kilichopo tangu 1883. Michael Palin na Terry Jones walitoka Oxford. Wa sita, Terry Gilliam, ni mchoraji mzaliwa wa Marekani. Yeye na Cleese walifahamiana New York, kwenye jarida la vichekesho ambalo Gilliam alikuwa akilifanyia kazi. Lilihitaji waigizaji wa hadithi za picha, na Cleese akapigwa picha.

Hawakuwa wageni wa televisheni hata kidogo. Waingereza wote watano walikuwa wameiandikia The Frost Report (1966–1967). Cleese na Chapman walikuwa na At Last the 1948 Show. Palin, Jones na Idle walikuwa na Do Not Adjust Your Set, kipindi cha watoto kilichoishia kupendwa na watu wazima, na humo ndimo Gilliam alipoanza kuonyesha katuni zake. Kwa hiyo mnapoona mtu anavunja sheria za kichekesho, jueni ameziandikia sheria hizo kwa miaka, na tarehe ya kukabidhi kazi ikiwa shingoni.

Mizizi ya mbali zaidi ni miwili. Kuna The Goon Show ya redio (1951–1960), ya Spike Milligan, Peter Sellers na Harry Secombe: msikilizaji haoni kitu, basi lolote laweza kutokea. Kisha Beyond the Fringe, onyesho la jukwaani la vijana wanne lililoanzia Edinburgh mwaka 1960, ambamo waziri mkuu aliigwa hadharani na mbingu hazikuanguka.

Halafu kuna Q5, kipindi cha vichekesho cha televisheni. Huyohuyo Milligan alitoka nayo BBC2 Machi 1969, miezi saba kabla, na tayari alikuwa anaacha vipande njiani bila kuvimaliza. Jones na Palin walipoiona walihisi wametanguliwa. Hawakununa. Walimfuata mwongozaji wa Q5, Ian MacNaughton, wakamchukua. Alianza na picha za nje, na baada ya vipindi vinne ambavyo studioni viliongozwa na John Howard Davies, akashika kazi yote.

Aliyewakutanisha na BBC ni Barry Took, mwandishi wa vichekesho aliyekuwa mshauri pale. Mkuu wa vichekesho, Michael Mills, aliwauliza maswali kuhusu kipindi, wakawa hawana majibu ya maana: hawakujua jina, hawakujua muziki, hawakujua kitaanzaje. Akawapa vipindi 13 hivyohivyo. Majina yaliyopendekezwa na kutupwa ni mengi, mojawapo Owl Stretching Time. BBC walikuwa wameshaandika Flying Circus kwenye karatasi zao, ikabidi libaki, kikundi chenyewe kikaongezea Monty Python mbele.

Jambo moja la kuiba mara moja: kipindi kilichorekodiwa kwanza, mwisho wa Agosti 1969, kilirushwa cha pili. Msirushe kwa mfuatano wa kurekodi. Rekodini viwili au vitatu, kisha mchague kipi kinafungua mlango.

---

Nyundo_ya_Skripti amejibu:

Mzee amemaliza historia. Mimi nashika ujenzi, maana hapo ndipo vikundi vingi huumia.

Kichekesho kifupi cha wakati ule kilikuwa na mwanzo, mkanganyo, na neno la kufungia, lile la kuwaangusha watu kwa kicheko kabla taa hazijazimwa. Kasoro yake ni kwamba neno la kufungia mara nyingi ni dhaifu kuliko kipande chenyewe. Una dakika tatu tamu, unapoteza siku mbili kutafuta sentensi ya mwisho, na ukiipata mtazamaji ameiona inakuja tangu kona ya barabara. Python waliamua hivi: kipande kikiishiwa nguvu, toka. Ila kutoka kunahitaji mlango, na milango yao ukikaa kuihesabu si mingi. Kuna ofisa wa jeshi (Chapman) anayesimamisha mambo kwa sababu yamekuwa ya kipuuzi mno. Kuna askari wa kale mwenye deraya anayempiga mtu na kuku aliyenyonyolewa. Kuna mtangazaji wa BBC kwenye meza, amevaa suti, meza iko ufukweni au shambani. Kuna barua ya malalamiko ya mtazamaji inayosomwa. Kuna watu wa mtaani wanaotoa maoni ya sekunde tano tano. Mhusika wa kipande cha kwanza anapita nyuma ya cha nne na kamera inamfuata yeye. Na mwisho katuni ya Gilliam, ambayo inaweza kutoka popote kwenda popote.

Wazo la kuunganisha kipindi kizima kwa mtiririko huo lilitokana na katuni moja aliyoitengeneza Gilliam kwa ajili ya Do Not Adjust Your Set, ambayo kitu kimoja kilizaa kingine bila kituo. Jones ndiye aliyeshikilia kwamba kipindi chote kiende hivyo.

Zoezi: tazameni kipindi kimoja mkiwa na karatasi yenye safu tatu: dakika, kipande, mlango wa kutokea. Mtagundua kwamba kile kinachoonekana vurugu kimepangwa kama nauli. Mkishamaliza vitatu, andikeni milango yenu wenyewe, minne au mitano, ISIYOZIDI. Mlango unachekesha kwa sababu mtazamaji anaukumbuka. Ukiwa na milango ishirini hakuna atakayekumbuka hata mmoja.

Uandishi wao ulikuwa wa makundi. Cleese na Chapman pamoja: watu wawili, meza, mmoja anadai haki yake na mwenzake anakana jua mchana. Palin na Jones pamoja: mambo ya nje, picha pana, safari. Idle peke yake: maneno na nyimbo. Gilliam peke yake na mkasi wake. Kisha wote wanakaa, kila mmoja anasoma kwa sauti. Kilichowachekesha wenzake kinaingia, kilichokaa kimya kinarudi nyumbani kurekebishwa au kinazikwa. Mkiwa saba, fanyeni jozi tatu na mmoja wa peke yake. Asiyeandika kipande ndiye akisome. Mwandishi akisoma kazi yake mwenyewe huisaidia kwa uso na mikono, na kamera haitampa msaada huo.

Mfano wa kurekebisha: kile cha kasuku aliyekufa (7 Desemba 1969). Kilianza kwenye kipindi kingine cha 1968 kama malalamiko ya mteja kuhusu gari, na muuzaji anayekana kila kasoro. Muundo ulikuwa mzuri, kitu chenyewe ndicho kilikuwa cha kawaida. Wakafikiria kibanikio cha mkate. Chapman akasema kasuku. Maneno ya ubishi yalibaki na umbo lilelile. Kilichobadilika ni kwamba sasa muuzaji anakana KIFO, kitu kisicho na gereji. Kipande chenu kikilala, msikitupe kabla hamjabadilisha kile kitu kinachogombaniwa.

Na tafadhali, msije mkaiga miguu. Kipande cha wizara ya mwendo wa kipuuzi (15 Septemba 1970) watu hukumbuka miguu mirefu ya Cleese. Kiangalieni tena. Kuna ofisi, kuna bajeti inayolalamikiwa, kuna mwombaji mwenye mwendo usiotosha kupata ruzuku. Kinachochekesha ni serikali. Ondoa dawati, miguu ile inakuwa mazoezi ya viungo. Waliiga sura ambazo Mwingereza alizisikia kila siku: mtangazaji, mahojiano, makala ya televisheni, mkuu wa ofisi. Mkiweka mtangazaji wa BBC Mbale hamtapata kitu. Wekeni tangazo la kifo redioni, lile linalotaja ukoo mzima, waliooa, walioolewa, walioko Boston, hadi muda wa mazishi. Au kikao cha harusi, mwenyekiti anakusanya ahadi na mtu anaahidi kreti mbili za soda kwa uchungu. Au mkutano wa LC1, baraza la kijiji. Sura hizo zikae sawasawa kabisa, kwa uzito wake wote, halafu ingizeni kitu kimoja tu kisicho na akili.

---

BintiBusia amejibu:

Kaka Nyundo, mlango bora kuliko wote mbona tunao hapa nyumbani: VJ. Vibanda vyetu vya video vimemzoesha mtazamaji sauti ya mtu anayetafsiri filamu, anayeichambua, anayemcheka shujaa, na wakati mwingine anasahau filamu kabisa. Nabwana I.G.G., mtengenezaji filamu wa Wakaliga, Kampala, ameitumia vizuri, sauti ya VJ Emmie ndani ya Who Killed Captain Alex? (2010) ni nusu ya raha. VJ anaweza kufanya kazi yote ya yule ofisa wa jeshi bila kuingia kwenye picha.

Tahadhari za kiufundi tu. Mazungumzo na sauti ya VJ vikae njia mbili tofauti kwenye uhariri, na mwigizaji aache pengo la sekunde moja na nusu hadi mbili pale VJ anapoingia. Mkisahau pengo mtalazimika kumshusha mwigizaji sauti, na hapo mtazamaji hasikii yeyote. VJ arekodiwe mwisho, akitazama kazi iliyokwisha kukatwa.

Na jambo ambalo wakubwa hamjalitaja. Wanawake humo ni wanaume waliovaa magauni wakipiga kelele kwa sauti nyembamba. Carol Cleveland alionekana katika vipindi vingi, lakini mara nyingi akipewa nafasi ya mrembo tu. Kuna pia nyuso zilizopakwa rangi kuiga mataifa mengine. Hayo yamechakaa. Ukiangalia sasa unaona hata kwa kichekesho ni uvivu, maana mzaha unakuwa umeishia kwenye gauni. Kama kikundi chenu kina wanawake, wapeni nafasi ya yule anayekana kasuku amekufa.

---

Karatasi_na_Gundi amejibu:

Katuni zinawezekana kwa simu moja. Gilliam hakuwa na kompyuta: alikata picha za zamani na za magazeti, akaongeza rangi za kupuliza, akasogeza vipande chini ya kamera, picha baada ya picha. Ule mguu ameutoa kwenye mchoro wa Bronzino ulioko National Gallery, London. Sauti alijirekodia mwenyewe nyumbani, blanketi kichwani, kwa mdomo na vyombo vya jikoni. Nyie mna vifaa bora kuliko yeye, mnachokosa ni uvumilivu.

Hesabu kwanza. Mfumo wetu ni fremu 25 kwa sekunde. Kila picha ikae fremu mbili, basi sekunde moja ni picha 12 na nusu, na kiungo cha sekunde 20 ni picha 250. Msipange kiungo kirefu kuliko hapo kwa mara ya kwanza. Vitatu vya sekunde 8 vitawafaa kuliko kimoja cha dakika.

Mahitaji: karatasi ya manila nene, gundi ya kijiti (ya maji hukunja karatasi), mkasi mdogo na wembe, kalamu nyeusi ya wino mzito, kioo cha dirisha cha milimita 4 chenye kingo zilizosagwa, taa mbili za aina moja kabisa, na kitu cha kushikilia simu ikitazama chini, hata kama ni stuli mbili na ubao wenye tundu. Tepu ya kushikizia kila kitu kisisogee.

Piga picha zenu wenyewe au tumia michoro yenu, chapisha, bandika kwenye manila, acha ikauke usiku kucha chini ya vitabu, ndipo ukate. Kingo zote zipake wino mweusi kwa pembeni. Usipozipaka, ukingo mweupe wa karatasi utang'aa chini ya taa na kila kipande kitaonekana kina uzi mweupe kukizunguka. Watu wengi huacha hatua hii na hawajui kwa nini kazi yao inaonekana ya shule.

Viungo vya mwili vitenganishe: kichwa, kidevu, mikono, mapaja, miguu. Kwenye bega acha sentimita moja ya ziada ili mkono ukizunguka pasitokee pengo. Midomo msihangaike kuifuatisha na maneno. Gilliam alikata kidevu na kukipandisha na kukishusha, basi. Jicho la mtazamaji linasamehe.

Simu: weka fokasi, mwanga na rangi kwa mkono, ufunge. Ukiacha simu iamue, kila mkono wako unapopita mwanga utabadilika na katuni itapepesa. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo muda wa kufungua lenzi uwe 1/50 au 1/100. Ukiweka 1/60 kuna taa zitakazoacha mistari. Washa hali ya ndegeni, maana simu ikitetemeka mara moja picha 90 za nyuma hazioani tena na zinazofuata. Tumia kitufe cha spika za masikioni kupigia picha, usiguse kioo cha simu.

Taa ziwe kulia na kushoto, nyuzi 45. Kioo kinalaza karatasi na kuua vivuli, lakini kinaakisi simu yenyewe, kwa hiyo zungushia simu kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi. Funga pazia: wingu likipita nje, utaliona kwenye katuni. Umeme ukikatika katikati, usiguse kitu. Ukirudi, piga picha moja ya majaribio, ilinganishe na ya mwisho, ndipo uendelee. Taa za kuchaji zinazofifia kadiri betri inavyoisha hazifai kabisa kwa kazi hii.

Mwendo: kitu kikianza kusogea kisogee milimita 1, kisha 3, kisha 6, na kikikaribia kusimama rudi 3, 1. Kinachoanguka hakipungui mwisho. Mguu wa Gilliam unafurahisha kwa sababu unashuka bila huruma na kusimama ghafla na sauti.

---

Katemba_Mbale ameandika:

Asanteni sana, hii tunaichapisha tuibandike ukutani. Swali la pili. Tunataka kutumia ule muziki wa mwanzo, na mmoja wetu anataka tutafsiri kile cha kasuku neno kwa neno. Inaruhusiwa? Na Nyundo, tukirekodi mbele ya watu ukumbini, vipande vya nje tufanyeje?

---

Haki_za_Sanaa amejibu:

Muziki ule ni The Liberty Bell wa John Philip Sousa, wa 1893. Sousa alifariki 1932, utunzi wenyewe uko huru. Rekodi mnayoisikia ni kitu kingine: ilipigwa na bendi ya kijeshi ya Grenadier Guards, na rekodi ina haki zake. Mkiichukua mtandaoni mtapata dai la hakimiliki wiki hiyohiyo. Mnaweza kuupiga wenyewe. Ila nawauliza, watu wa Mbale mna ngoma ya kadodi, mnakwenda kuazima muziki wa gwaride wa Wamarekani kwa nini?

Kasuku neno kwa neno: hapana, bila kibali cha maandishi. Tafsiri ni haki ya mwenye kazi, hapa kwetu pia, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006. Wazo la mteja anayebishana na muuzaji mkana ukweli halina mwenyewe. Maneno yale yana wenyewe, na hawa hasa wanajua kudai.

Kesi yao inafaa muisome kabla ya kusaini na kituo chochote. Oktoba 1975 ABC ya Marekani ilirusha vipindi vitatu vya msimu wa nne vikiwa vimeunganishwa kwa nafasi ya dakika 90. Kati ya hizo, dakika 24 za kazi yenyewe zilikatwa kupisha matangazo na kuondoa walichoona hakifai. Python wakashtaki kuzuia kurushwa tena. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa ya New York ikawa upande wao. Msingi mmojawapo ulikuwa mkataba wao na BBC: skripti ni yao, na BBC haikuwa na ruhusa ya kufanya mabadiliko makubwa baada ya kurekodi bila wao. Ikiwa BBC haina ruhusa hiyo, haiwezi kumuuzia ABC. Mapatano yaliyofuata yakawafungulia njia ya kuzimiliki kanda zao, na ndiyo sababu wameendelea kula kutokana nazo, kuanzia kaseti hadi chaneli yao ya YouTube waliyoifungua 2008.

Kwenu, andikeni mambo mawili SASA kabla hakuna pesa. La kwanza, ukurasa mmoja kati yenu saba: nani anamiliki skripti, nani picha, anayeondoka anaondoka na nini. La pili, kifungu kwa kituo: hakuna kukata wala kubandika tangazo ndani ya kipande bila idhini yenu ya maandishi. Kipindi kilichounganishwa kwa milango kikikatwa dakika mbili tu mahali pabaya, mhusika anatokea bila mtazamaji kujua ametoka wapi.

---

MzeeWaKanda amejibu:

Kuhusu athari, kwa kifupi maana orodha ni ndefu. Kituo cha umma cha KERA, Dallas, ndicho kilichowarusha kwanza Marekani, 1974. Mwaka uliofuata Saturday Night Live ikaanza, na Lorne Michaels aliyeianzisha alikuwa mpenzi wao mkubwa. Katuni ya South Park ilianza na kipindi cha karatasi zilizokatwa; mnajua zimetoka wapi. Uingereza wakaja Not the Nine O'Clock News (1979–1982), ambayo ndiyo iliyompandisha Rowan Atkinson, na kutoka kwake tukapata Mr. Bean ambaye hapa kila mtoto anamjua. Wenyewe walitengeneza filamu, maarufu zaidi ya 1975 kuhusu mfalme Arthur na ya 1979 kuhusu Brian, iliyolipiwa na George Harrison wa Beatles baada ya mfadhili wa kwanza kujitoa.

Nje ya vichekesho: lugha ya programu ya Python, ambayo wanafunzi wa kompyuta wanaikeshea, ilipewa jina hilo na Guido van Rossum kwa sababu ya kipindi hiki. Nyoka kwenye nembo alikuja baadaye. Na barua pepe taka tunaziita spamu kwa sababu ya kipande cha Desemba 1970 cha mgahawa ambao kila chakula kina Spam, nyama ya kopo, na Waviking wanaimba jina lake mpaka hakuna anayesikilizana.

Nyie mnaofanya kazi katika nchi ya lugha nyingi, mtafute vipindi viwili walivyofanyia televisheni ya Ujerumani, 1971 na 1972. Cha kwanza walikariri Kijerumani, cha pili walicheza kwa Kiingereza kisha kikawekewa sauti ya Kijerumani. Kilichosafiri vizuri kuliko vyote ni mechi ya mpira kati ya wanafalsafa wa Ujerumani na wa Ugiriki, ambayo karibu haina mazungumzo. Mkitaka kufika hadi Arua na Kisoro, kila kipindi kiwe na kimoja cha aina hiyo.

---

Nyundo_ya_Skripti amejibu:

Ukumbini fanyeni kama BBC. Wao vya nje walivipiga kwanza kwa filamu ya milimita 16, vya ndani vikarekodiwa kwenye kanda ya video mbele ya watazamaji, na vile vya nje watazamaji walionyeshwa palepale ili kicheko chao kiingie. Ndiyo maana picha inabadilika sura mtu akitoka mlangoni. Hata wao walilifanyia mzaha, watu wanachungulia nje na kugundua wamezungukwa na filamu.

Kwa hiyo: wiki mbili za nje kwanza, asubuhi saa moja hadi saa nne na jioni baada ya saa kumi, jua la saa sita linachimba macho. Barua kwa mwenyekiti wa LC1 na taarifa polisi kabla ya siku yenyewe, hasa kama kuna sare, bunduki ya mbao au umati. Kateni vipande hivyo vikamilike. Kisha mazoezi siku tano, kurekodi siku ya sita jioni.

Ukumbini wekeni maikrofoni mbili za watazamaji, juu yao, zikitazama viti na kuvipa mgongo spika. Zirekodiwe njia yake peke yake. Zikiingia kwenye spika mtapata mlio, na mkizichanganya na waigizaji hamtaweza kupunguza kicheko kilichozidi. Jenereta iwe mita 30 au zaidi, nyuma ya ukuta. Projekta ya vipande vya nje iwe na sauti ya wastani tu, la sivyo maikrofoni za watazamaji zitarekodi filamu mara ya pili kwa mwangwi.

Dakika 24 zinahitaji skripti ya dakika 30. Kila kipande kifanywe mara mbili, na mara ya pili wabadilisheni watazamaji mahali pa kukaa au wapeni soda, kwa sababu mzaha uliosikika hauchekwi tena kwa nguvu ileile. Picha ya mara ya pili, kicheko cha mara ya kwanza: mhariri ataviunganisha, mradi mwigizaji amesimama kwa muda uleule kusubiri watu wanyamaze. Mpeni mtu mmoja saa ya kuhesabia na daftari aandike kila kicheko kimechukua sekunde ngapi.